Mwanangu na Muziki Wake Usioeleweka

 

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotufikia kutoka Mchinga, kule kaskazini ya mji wa Lindi, penye ghuba, minazi na mashamba ya chumvi. Mama mmoja wa huko alituita nyumbani kwake. Hakutuita kwa sababu ya ugonjwa, wala njaa, wala mume mlevi. Alituita kwa sababu ya muziki. Msicheke. Tulipofika tulikuta nyumba ambayo baba na mtoto hawajasemezana majuma matatu. Chakula kinapakuliwa mara mbili, na mama amekaa katikati kama mpaka wa mashamba mawili.

Habari yenyewe ni hii. Kijana wao wa pili, mwenye miaka 21, alikuwa Dar es Salaam akisomea ufundi. Akarudi nyumbani na cheti, gitaa la mitumba, na simu iliyojaa nyimbo. Mchana anatengeneza simu za watu chini ya mwembe, kando ya barabara. Usiku anapiga gitaa lake, au anafungulia spika ndogo. Na nyimbo zenyewe si bongo fleva, si singeli, si taarabu, wala si kwaya. Ni nyimbo za Kizungu ndefu, zinazoanza taratibu kama maji yanapojaa, zikapanda, zikabadili mwendo, zikatulia, halafu zikalipuka tena. Nusu yake hakuna hata anayeimba. Wimbo mmoja unaweza kula dakika 20.

Majirani wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kijana amejiunga na Frimasoni. Neno hilo, kama mjuavyo, likishatoka halirudi. Likamkuta baba barazani anacheza bao. Baba akainuka, akaenda nyumbani, akalikamata gitaa na kulitupa uani, likapasuka ubavu. Akasema, "Chagua. Hilo au nyumba yangu."

Mama akatuuliza, "Dada zangu, nikimtetea nitakuwa nimemkosea mume wangu, na pengine Mungu. Nikinyamaza, mtoto atarudi Dar, na safari hii hatarudi tena. Nifanye nini?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwambia atupe siku tatu, tukae, tusikilize.

Muziki gani huu?

Mtu hawezi kuamua shauri la mshtakiwa asiyemwona. Basi tulimwita kijana, akatuamkia kwa adabu, akaketi. Tukamwomba atufungulie huo muziki wake. Akashangaa, maana tangu aje hakuna mtu mzima aliyemwomba hivyo. Tukasikiliza wimbo mmoja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Tunakiri kwamba mmoja wetu alisinzia kidogo katikati, akaamshwa na ngoma.

Muziki huo unaitwa roki progresivu, yaani roki inayotaka kusonga mbele. Ulianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Vijana wa wakati ule walikuwa wamechoka na nyimbo za dakika tatu za mapenzi. Wakachukua gitaa la umeme na kulikutanisha na jazi, na muziki wa kale wa Ulaya, na vinanda vikubwa. Wakatunga nyimbo zenye sehemu nyingi, kama hadithi yenye sura. Kikundi cha King Crimson kilitoa santuri yake ya kwanza mwaka 1969. Kikundi cha Yes kilitoa mwaka 1972 wimbo wa karibu dakika 19, na kinanda kinachonguruma ndani yake ni cha kanisa moja la London. Pink Floyd wakafuata mwaka 1973 na santuri iliyonunuliwa na mamilioni ya watu.

Kuna kisa kimoja kilichotuchekesha. Mwaka 1969 vijana wa kikundi cha Genesis, waliokutana shuleni, walitoa santuri yao ya kwanza wakaipa jina lenye kutaja kitabu cha kwanza na cha mwisho cha Biblia. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wenye maduka waliiweka kwenye rafu ya nyimbo za dini, na vijana hawakuiona. Kwa hiyo huko Uingereza muziki huu ulidhaniwa ni wa kanisani, na Mchinga unadhaniwa ni wa shetani. Pande zote mbili watu walitazama jalada kabla ya kusikiliza.

Hatusemi kwamba kila wimbo wa aina hii ni mzuri. La hasha. Zimo zenye maneno ya giza, na wako waimbaji walioharibiwa na dawa za kulevya, kama walivyo katika kila aina ya muziki. Lakini yupo pia Mmarekani Neal Morse, aliyekuwa na jina kubwa katika muziki huu. Alipoongoka aliondoka katika kikundi chake mwaka 2002, na mwaka uliofuata akatoa ushuhuda wa maisha yake kwa nyimbo za mtindo uleule. Alibadilisha habari anayoisimulia, lakini gitaa lake na urefu wa nyimbo zake vilibaki vilevile.

Tulivyozunguka kijijini

Siku ya pili tulitoka na mama mwenye nyumba kwenda kuwauliza majirani, mmoja mmoja, bila kugombana. Tulitaka kujua kila mmoja anasikia nini.

Tulianza kwa bibi wa nyumba ya pili, Mwislamu, mama wa watu, ambaye miaka yote wamekopeshana chumvi na moto. Akatukaribisha kwa chai na mihogo. Akasema, "Wanangu, mimi sina neno na gitaa. Kinachonikera ni kwamba huyu mjukuu wangu hufungulia alfajiri kabla sijamaliza kuswali, na usiku watoto hawalali. Huo mlio ungekuwa hata wa kaswida, ningesema vilevile." Mumewe, mzee wa msikitini, akaongeza kwamba hata miongoni mwao hawako pamoja. Wako wanaokubali dufu peke yake, wako wanaokataza ala zote za nyuzi, na wako wapiga udi na fidla za taarabu ambao hawaachi swala tano. "Kwa hiyo," akasema, "msije mkasema Waislamu wa Mchinga wamemkataa mtoto wenu. Mimi sijamkataa. Nataka usingizi."

Tukaenda kwa bibi mmoja kungwi, aliyewacheza wali wengi wa pwani hii. Tulidhani atakuwa mkali kuliko wote. Akauliza swali moja tu, "Wimbo wake unachukua muda gani?" Tukamjibu dakika 20. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Dakika 20! Hizo kwetu ni za kupasha ngozi moto tu. Ngoma yenyewe inakesha mpaka jua." Halafu akanyamaza, akatutazama. "Lakini ngoma yetu ina kazi. Inamtoa mwali, inampokea mtu mzima. Ya huyo kijana inamtoa nani?" Swali hilo tuliondoka nalo, na tutalirudia.

Vijana wa bodaboda kituoni walisema muziki ule hauchezeki. Hawauogopi wala hawauchukii, ila wanaona mwenzao anawaringia. Wao wanataka singeli.

Mwisho tukafika kanisani. Mwalimu wa kwaya alikuwa akimtamani kijana siku nyingi, maana kwaya ina kinanda kimoja cha umeme na mpiga gitaa hakuna. Lakini wazee wawili wa kanisa walikataa katakata. "Vidole vilivyopiga ya dunia haviwezi kupiga ya Mungu," mmoja akatuambia. Katekista, mtu wa makamo, akawakumbusha kwa upole. Akasema baba yake alimsimulia jinsi watu walivyobishana vikali siku ngoma ilipoingia kanisani mara ya kwanza. Leo hao hao wazee ngoma ikikosekana husema misa ilikuwa ya baridi.

Kila mahali na masikio yake

Jioni ile tulizungumza sana. Tukaona kwamba jambo la Mchinga si geni. Muziki mmoja ukipita nchi mbalimbali, kila jamii huupokea kwa masikio yake.

Hata huko Ulaya ilikuwa hivyo. Waitalia waliupokea roki progresivu kwa moyo mweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikundi kama Genesis na Van der Graaf Generator vilipendwa Italia kabla havijapata sifa kubwa kwao. Uingereza kwenyewe, ilipofika mwaka 1976 na 1977, vijana wadogo wa panki waliucheka, wakasema ni muziki wa watu wenye majivuno. Na Sweden wanamuziki walilichukua neno lile wakalipa maana nyingine kabisa. Kwao neno hilo lilihusu siasa zaidi ya urefu wa wimbo: muziki wa watu wa kawaida, unaopinga biashara kubwa ya nyimbo.

Hapo ndipo Tanzania inapoingia. Mwaka 1978 Patrick Balisidya wa kikundi cha Afro 70, Mtanzania mwenye asili ya Dodoma, alitoa santuri pamoja na kikundi cha Kiswidi kiitwacho Archimedes Badkar, kilichokuwa katika mkondo huo. Santuri ikaitwa kwa Kiswahili, Bado Kidogo. Balisidya alifariki mwaka 2004. Mama mwenye nyumba aliposikia jina lake alishtuka. "Huyu wa Harusi? Wimbo ule ulipigwa siku yangu ya ndoa!" Kumbe mwanawe na yeye walikuwa wanasikiliza watu waliokwisha kushikana mikono kabla ya kijana kuzaliwa.

Jirani zetu wa Zambia nao waliipokea roki miaka ya 1970 wakaifanya yao, ikaitwa Zamrock. Kikundi kimoja mashuhuri kiliitwa WITCH, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mchawi. Fikirini mama wa Lusaka anayesikia mwanawe ameingia humo! Lakini lilikuwa ni kifupisho tu cha maneno ya utundu wa ujana, kwamba wanakusudia kuleta vurugu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aitwaye Jagari, baadaye alifanya kazi ya kuchimba vito, na uzeeni amezunguka Ulaya akiimba nyimbo zilezile. Wenzake wengi walikufa mapema, katika miaka ambayo UKIMWI ulimaliza vijana wengi wa Zambia. Tukiwahesabu waliopotea, tunaona kwamba mama anayeogopa jina la kikundi anaweza kuikosa hatari yenyewe.

Na Zanzibar je? Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Waparsi, jina lake la nyumbani Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kikundi chake cha Queen kilianza kikiwa karibu sana na roki progresivu, na wimbo wao mkubwa wa mwaka 1975 una sehemu nyingi, tena umo ndani yake neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani analijua tangu madrasa. Mwaka 2006, watu walipopanga sherehe Unguja ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho iliipinga vikali kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake. Mwaka 2019 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho yake pale pale Mji Mkongwe. Mji ni mmoja na mtoto ni wao, lakini wengine wanamkana na wengine wanakata tiketi.

Na sisi wenyewe tumepita humo

Tusidhani mashaka haya yameanza na simu za kupangusa. Pwani yetu iliwahi kulewa muziki wa kigeni hata kabla ya babu zetu. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuiga bendi za tarumbeta za Wazungu. Ikashuka Tanga, Dar es Salaam, mpaka kusini. Vijana walijipanga katika vyama vya Marini na Arinoti, wakajipa vyeo, wakashindana kwa mavazi na karamu. Wazee wengi walilalamika kwamba vijana wanapoteza fedha na heshima. Wamisionari nao hawakuipenda. Leo beni ni jambo la kujivunia, tunalisoma vitabuni.

Mkumbuke pia Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliamua kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kung'arisha ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Mwezi Novemba mwaka huo ikaja zamu ya muziki wa soul, ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Waliokimbizwa mitaani wakati ule kwa sababu ya sketi ni bibi wa leo. Wengine ndio wanaoshika mstari wa mbele Jumapili na rozari mkononi.

Na Kanisa? Huku kusini Waanglikana wa Masasi, wakiongozwa na Vincent Lucas, walianza mwaka 1913 kuliingiza jando katika maisha ya Kikristo. Walibakiza mengi ya mila na kuweka sala mahali pa mambo waliyoona hayafai. Wamisionari Wabenediktini wa upande wa Ndanda walikuwa wakali zaidi juu ya mila hizo. Wakristo wa mkoa mmoja, wanaosoma Injili moja, walikuwa na majibu mawili. Kisha mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa muziki wa mataifa katika ibada, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma inayopigwa leo wakati wa matoleo ilipiganiwa na watu.

Mkuki wa Sauli

Siku ya tatu ilibaki kazi ngumu, nayo ni baba. Hatukumwita. Tulimfuata shambani kwenye mikorosho yake, tukaketi kivulini. Tuliongea juu ya palizi na bei ya korosho mpaka akachoka na adabu zetu. Akasema, "Akina mama, najua mlichokuja nacho. Mimi si mjinga. Sidhani mwanangu ni Frimasoni."

Tukamwuliza, basi ni nini?

Alikata kijiti, akakichonga muda mrefu. "Nilimsomesha kwa korosho za misimu miwili. Huyu ndiye niliyemtegemea, maana mkubwa wake ameshaoa Mtwara, na harudi. Kila nikilisikia lile gitaa usiku, mimi sisikii muziki. Nasikia mtoto ananiaga."

Wapenzi, tulikaa kimya. Tulikuwa tumekuja na hoja zetu zote, za Italia na za Zambia, na hata moja haikufaa.

Tulimkumbuka mfalme Sauli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Daudi alimpigia kinubi, na roho yake ikatulia. Baadaye Daudi alimpigia tena, mkono uleule na kinubi kilekile, na Sauli akamrushia mkuki. Muziki haukubadilika. Kilichobadilika ni moyo wa msikilizaji, nao ulibadilika aliposikia wimbo wa wanawake njiani uliomsifu kijana kuliko yeye. Mara nyingi mkuki unaorushwa nyumbani hauna habari na wimbo. Umetokana na hofu ya baba ambayo hajapata maneno ya kuisema.

Usiku ule tulimwuliza kijana kwa nini anaipenda roki hii. Akasema, "Mama zangu, kule Dar tulikuwa wanne chumba kimoja, na mwaka wa kwanza niliumwa sana. Usiku ulikuwa mrefu. Wimbo mfupi ulikuwa unaniacha njiani. Hizi ndefu zilikuwa zinanifikisha mpaka asubuhi." Mama yake alilia. Hakujua kwamba mwanawe aliwahi kuumwa hivyo, kwa sababu kwenye simu alikuwa akisema, "Mzima, mama, usijali." Tukamwuliza kijana kama anajua baba yake anasikia nini usiku. Hakujua. "Baba hajawahi kuniambia anataka nibaki," akasema.

Hapo tukaona swali la bibi kungwi limepata jibu. Muziki ule ulimtoa kijana katika usiku wa ugonjwa, bila mama wala kungwi kando yake. Kwake ulikuwa jando lake, na sisi hatukuwepo.

Tunawashauri nini?

Hatuna dawa moja kwa kila nyumba. Lakini kutokana na siku tatu za Mchinga twaona mambo haya yafaa kushikwa.

Kwanza, sikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, ukiwa umeketi na mwanao, na umwombe akufasirie maneno. Maneno yakiwa mabaya utakuwa na haki ya kusema, na yeye atajua umesema baada ya kusikia.

Pili, tenganisha mlio na saa. Malalamiko mengi ya jirani ni juu ya usingizi na ibada. Kijana yule alikubali siku ileile kwamba spika haifunguliwi baada ya saa 3 usiku wala kabla ya jua kuchomoza. Alikwenda mwenyewe kumwomba radhi bibi jirani, akarudi na kisahani cha vitumbua.

Tatu, tazama matunda. Je, anafanya kazi? Analala? Anasali? Fedha zake zinakwenda wapi, na rafiki zake ni nani? Ukiona bangi, basi shida yako ni bangi, pambana nayo kwa jina lake. Usipigane na gitaa ukaiacha bangi mfukoni.

Nne, usiliache neno "Frimasoni" lipite mlangoni pako, wala lisitoke kinywani mwako juu ya mtoto wa mwenzio. Neno hilo limevunja undugu bure, na anayelitamka haulizwi ushahidi. Mama, ukilisikia kisimani, uliza tu, "Umeona nini?" Utaona linavyokauka.

Tano, usimtetee mtoto mbele ya baba kwa namna ya kumwaibisha baba. Mtoto akimwona mama yake amemshinda baba, atakuwa amepata gitaa na kupoteza nyumba. Tafuta saa ya baba, kivuli chake, kazi yake ya mkono, ukae hapo mpaka aseme lile la ndani.

Ilivyoishia

Wengi mtapenda kusikia kwamba walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Baba hakuomba msamaha mbele yetu, na kijana hakuahidi kubaki. Alikubali kusaidia palizi na kuokota korosho msimu huu, ukiisha wazungumze upya juu ya Dar. Wazee wawili wa kanisa bado wanakataa gitaa, na mwalimu wa kwaya ameamua kungoja kuliko kuligawa kanisa.

Lakini majuma machache baadaye mama alitupigia simu. Alisema siku moja mume wake alitoka asubuhi bila kuaga, akaelekea ufukweni kwa fundi wa madau, na mfuko wa sandarusi begani. Jioni akarudi nao. Ndani mlikuwa na gitaa, ubavu wake umezibwa kwa kipande cha mbao na gundi ya mashua. Akaliegemeza ukutani, akaomba maji ya kuoga. Mama anasema sauti yake si kama ya zamani, ina mkwaruzo kidogo. Na siku hizi anapakua sahani moja.

Akina mama, mwombeeni mwenzetu huyu, nanyi muombeane. Usiku huu, kama mtoto wako amefungulia muziki usiouelewa, usianze na amri ya kuzima. Ingia, keti kitandani pake, umwulize wimbo huo ulimkuta wapi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.